Gari ya kuunganisha mwenyewe haigeuzi injini: tubadili stata au tupime kwanza?

Swali limetoka Njombe: "Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina gari ndogo ya viti viwili, mfano wa Lotus Seven, iliyouzwa vipande vipande Afrika Kusini na kuunganishwa na mmiliki wa kwanza. Injini ni Ford Kent 1600. Betri iko nyuma, bodi ni faiba na alumini. Asubuhi ya baridi stata inapiga 'tak' basi, au inazungusha kwa uchovu. Nikienda nayo Makambako nikaizima, ikiwa bado ya moto ndiyo haigusi kabisa, tunasukuma. Fundi amesema stata imekufa, anataka kufunga ya Toyota. Ninunue ipi, na inafungwaje?"

Shikamoo Mwalimu. Naomba hiyo stata ya Toyota isinunuliwe kwanza, na hiyo ya zamani isitupwe. Inawezekana kabisa fundi wako yuko sahihi kwamba stata imechoka. Lakini dalili ulizozitaja, kwa gari ya aina hiyo, zinanipeleka kwanza kwenye nyaya, na hasa kwenye erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hapa Mbeya naletewa mara kwa mara magari yaliyofungiwa stata mpya juu ya erthi mbovu. Yanawaka vizuri siku chache kwa sababu stata mpya ina nguvu ya kuvumilia, kisha yanarudi palepale, na hela imeshakwenda.

Kwenye gari ya kiwandani kama Corolla au Hilux, bodi yote ni chuma, na chuma hicho ndicho njia ya umeme kurudi kwenye betri. Waya mmoja wa erthi ukilegea, umeme mara nyingi hupata pengine pa kupita. Gari yako haina msaada huo. Faiba haipitishi umeme. Chasisi ya mabomba ni chuma, ila imepakwa rangi, na rangi nayo haipitishi. Injini imekalia raba. Kwa hiyo kati ya injini na betri kuna waya mmoja au miwili tu, aliyoifunga yule mmiliki wa kwanza kwa mkono wake. Kama alikaza lagi, ile pete ya mwisho wa waya, juu ya rangi bila kuikwangua, basi stata yako inapumua kupitia nyuzi chache za bolti.

Hesabu yake ni fupi. Chukua kwamba stata ya injini kama yako inavuta ampia 200 wakati wa kuzungusha. Mahali palipolegea au pana kutu pakiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, umeshapoteza volti 2 kabla umeme haujafika kwenye kazi. Taa za gari hazitakuonyesha tatizo hilo, maana taa inavuta ampia chache na inapita hapohapo bila shida. Ndiyo maana mtu anaona taa kali, honi inalia, akahukumu kwamba umeme uko sawa na stata ndiyo mbovu.

Urefu wa waya nao unahesabika. Betri ikikaa nyuma, waya wa chanya unaweza kufika mita 3. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba kwa urefu huo hupoteza kama volti 0.65 kwa ampia 200. Wa milimita 35 hupoteza kama volti 0.3. Na kama waya wa kurudi ni mwembamba kiasi hichohicho, zidisha mara mbili. Waliounganisha magari haya wengi walipeleka betri nyuma ili kugawa uzito vizuri, jambo zuri barabarani, lakini wakatumia waya uliokuwa umekatwa kwa ajili ya betri ya mbele.

Kuna dalili moja ningependa uiangalie leo kabla hujashika kitu kingine. Mtu azungushe stata, wewe gusa kebo ya akseleta, kebo ya choki na kebo ya klachi kama ipo. Ikipata joto hata moja, jibu umelipata: umeme wa stata umekosa njia yake halali na unarudi betri kupitia kebo hizo. Nimekuta kebo ya choki imeyeyusha ganda lake kwa namna hiyo, na kabureta iko sentimita chache pembeni. Ukikuta hali hiyo usiendelee kuwasha.

Sasa tupime. Unahitaji mita ya kawaida ya fundi umeme na mtu wa kukaa kwenye usukani. Gia iwe huru, handibreki imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Chomoa waya mwembamba wa koili, ile inayozalisha umeme wa cheche, ili injini isiwake, izungushwe tu. Kila mzunguko usizidi sekunde 10, kisha ipumzishe karibu dakika nzima, maana stata haina feni na joto linabaki ndani.

Anza na betri iliyolala usiku kucha bila kuchajiwa wala kutumika. Ikiwa imejaa utasoma karibu volti 12.6. Ukisoma 12.2 imebaki nusu. Chaji kwanza, vipimo vingine havitakuwa na maana. Kisha weka ncha za mita juu ya vichwa vya risasi vya betri yenyewe, siyo juu ya temino, vile vibano vya waya, na zungusha. Ikibaki juu ya volti 10, betri inajitahidi. Ikishuka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama stata inavuta kupita kiasi kwa sababu inakwama ndani.

Hatua inayofuata mafundi wengi huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Ncha moja ya mita iweke kwenye mwili wa stata, chuma kitupu, na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Zungusha. Mita isisome zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Ukiona 1 au zaidi, erthi ni mbovu, hakuna haja ya kubishana. Halafu pima upande wa pili: kutoka kichwa chanya cha betri mpaka bolti nene ya stata. Hapo volti 0.5 inavumilika. Ikizidi, fuata kipande kwa kipande, temino, waya, solenoidi (swichi ya sumaku inayofungulia stata umeme mkubwa), mpaka upate panapomeza umeme. Magari haya mengi yana masta swichi ya kukata betri, ile yenye ufunguo mwekundu wa plastiki. Ipime nayo peke yake, upande huu na upande ule, huku mwenzako anazungusha. Za bei rahisi zina mguso mdogo ndani, zinaungua taratibu, na kwa nje zinaonekana nzima.

Huna mita? Chukua waya mrefu wa kuunganishia betri, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine ubane kwenye chuma kisafi cha gia boksi karibu na stata. Ikizunguka kwa nguvu ghafla, umeokoa bei ya stata.

Hata ile "tak" ina maana mbili, na mita inazitenganisha. Ikipiga "tak" na volti za betri zikabaki palepale 12 na ushee, maana yake umeme mkubwa haujapita: miguso ya solenoidi imeungua, kaboni za stata, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha, au kuna muungano umekatika. Ikipiga "tak" na volti zikaanguka mpaka 7 au 6, betri ni tupu au kuna kitu kimekwama, labda pinyoni, ile gia ndogo ya stata, imeng'ang'ania kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini.

Kutengeneza erthi ni kazi ya saa chache. Tafuta waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita 35 za mraba. Ni laini, una nyuzi nyingi, unapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi hapo Njombe na kwetu Mwanjelwa. Upitishe moja kwa moja kutoka hasi ya betri mpaka bolti mojawapo ya gia boksi au ya stata yenyewe, usiitegemee chasisi kama barabara kuu. Kisha weka waya mwingine mfupi kati ya injini na chasisi kwa ajili ya taa na vingine. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, halafu ndipo upake grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Lagi zibanwe kwa mashine ya kubania, siyo kwa nyundo.

Waya wa chanya unapopita kwenye tundu la alumini lazima uwe na raba ya kuuvika. Hapa nasema kwa msisitizo, Mwalimu. Waya ule kwa kawaida hauna fyuzi. Ukikwaruzwa na ukingo wa bati, hakuna kitakachokata umeme mpaka betri iishe au moto uanze, na faiba ikishika moto inawaka haraka sana.

Tuseme sasa umepima yote, njia ni safi, stata inapata volti zaidi ya 10 na bado inasuasua. Hapo nakubaliana na fundi wako, ishushwe. Lakini kwanza ujue unayo ya aina gani. Injini ya Kent ilipokea stata za aina mbili. Ya zamani haina solenoidi mgongoni. Ina waya mmoja mnene tu, na solenoidi imefungwa mbali, ukutani mwa chumba cha injini. Ndani yake kuna bendiksi: mhimili ukianza kuzunguka kwa kasi, pinyoni inarushwa mbele kwenye nyuzi za skrubu na kugonga flaiwili. Ya baadaye ina solenoidi juu yake, nayo husukuma pinyoni kwanza mpaka iingie kwenye meno, ndipo mota inazunguka.

Kama yako ni ya bendiksi na wakati mwingine unasikia mota inalia kwa kasi bila injini kugeuka, usikimbilie kununua. Nyuzi zile zimejaa vumbi la klachi na mafuta. Zisafishe kwa mafuta ya taa, zikauke, zirudishe kavu. Usipake grisi, grisi inakamata vumbi na baada ya muda mfupi pinyoni haitoki tena. Na ikikwama kwenye flaiwili, stata nyingi za Lucas (kampuni ya Uingereza) za aina hiyo zina ncha ya mraba nyuma ya mhimili, chini ya kifuniko kidogo. Unaizungusha kwa spana, pinyoni inarudi.

Kuishusha: tenganisha hasi ya betri kabla ya chochote. Gari ile iko chini mno, kwa hiyo utainua, na unapoinua usiweke jeki kwenye sakafu ya alumini, itabonyea. Weka kwenye mabomba ya chasisi, na kipande cha mbao katikati. Iegemee stendi, usiingie chini kwa kutegemea jeki. Subiri ekzosi ipoe kabisa. Bolti za injini hii nyingi ni za inchi. Kichwa cha 9/16 ni milimita 14.29, hivyo spana 14 haiingii na 15 inacheza na kuviringisha kichwa. Azima seti ya inchi. Wenye Land Rover za zamani wanazo, na Njombe hamjakosa Land Rover. Bolti ya juu ndiyo inayosumbua, na mara nyingi inafikika kwa racheti yenye mkono mrefu ukipita juu ya gia boksi.

Ikishatoka, usiondoke kabla hujachungulia kwenye tundu ilimokaa. Mulika meno ya flaiwili na tochi huku mwenzako anageuza injini kwa nati ya krenki, plagi zikiwa zimetolewa. Injini ya silinda nne hupenda kusimama sehemu mbili zilezile zinazotazamana, kwa hiyo meno huliwa hapo. Ukikuta yameliwa vibaya sehemu hizo mbili na kwingine ni mazima, stata yoyote utakayofunga itakwaruza. Pete hiyo ya meno imevalishwa kwa moto. Siku mkishusha gia boksi inaweza kutolewa na kugeuzwa au kubadilishwa.

Hapohapo yahesabu meno yote. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, geuza taratibu mpaka alama irudi. Flaiwili za Kent zipo za meno 110 na za meno 132, na stata ya moja haifai nyingine. Kwa gari ya kiwandani ungetaja tu mwaka na modeli dukani. Kwa gari ya kuunganishwa hiyo haitoshi, kwa sababu injini inaweza kuwa ya Ford Escort, gia boksi ya Ford Cortina, na flaiwili ya pengine. Muuzaji akikuuliza gari ya mwaka gani, mjibu kwa idadi ya meno ya flaiwili, idadi ya meno ya pinyoni, idadi ya matundu ya bolti na umbali kati yake, na kipenyo cha ule mdomo wa mviringo unaoingia kwenye nyumba ya klachi. Piga na picha yenye rula pembeni.

Ndiyo sababu naikataa ile ya Toyota. Stata za Toyota ni nzuri sana, lakini kitako chake, pinyoni yake na kina chake vimekatwa kwa ajili ya flaiwili ya Toyota. Ili ikae kwenye Ford itabidi kuchonga kitako kipya, na pinyoni isiyolingana na meno italamba flaiwili yako polepole. Flaiwili ikiisha utashusha injini. Pesa ya kuchongesha kitako itumie kuikarabati hiyo uliyonayo, kwa sababu Lucas za enzi zile zilitengenezwa zifunguliwe.

Ukarabati wenyewe mpe fundi wa kukarabati stata na oltaneta, lakini simama karibu. Kaboni zikiwa zimebaki chini ya milimita 8 zibadilishwe. Za Lucas zikikosekana, kaboni kubwa ya stata ya lori inaweza kukatwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka ikae, mradi iwe ile yenye rangi ya shaba ndani, iliyokusudiwa umeme mkubwa. Ya oltaneta haifai. Zile bati za shaba ambazo kaboni zinazisugua zisafishwe kwa msasa laini, au zipitishwe kwenye mashine ya kukereza kama zimekula bonde. Mwambie fundi asichimbe mfereji kati ya bati na bati. Kwenye dainamo hufanywa hivyo, kwenye stata hizi haitakiwi.

Bushi, zile pete zinazobeba mhimili, ndizo husahaulika. Bushi ikiliwa, amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, inashuka na kusugua sumaku za pembeni. Stata inazunguka mkononi vizuri lakini ikipewa mzigo inakwama, hasa ikipata joto. Ukiona mwili wa amecha una mikwaruzo inayong'aa, bushi zimekwisha. Mpya ni za shaba nyeusi yenye vinyweleo, na zinapaswa kulowekwa kwenye oili ya injini saa 24 kabla ya kufungwa. Fundi akitaka kuzigonga kavu palepale, mwombe asubiri hadi kesho.

Ukiamua kununua mpya, tafuta ile ndogo yenye gia za kupunguza mwendo ndani. Mota yake ni ndogo na ya kasi, gia zinaigeuza kasi kuwa nguvu. Ni nyepesi, inavuta umeme kidogo, na inaacha nafasi kati yake na ekzosi. Hutengenezwa Uingereza kwa ajili ya Kent kwa sababu injini hii bado inakimbia kwenye mashindano huko. Kuipata hapa ni kuagiza, kwa hiyo vipimo nilivyotaja viwe sahihi kabla hujatuma pesa.

Ukitoka kwenye ya bendiksi kwenda kwenye hiyo, waya lazima ubadilike. Waya mnene unatoka betri moja kwa moja mpaka bolti kubwa ya stata, na unabaki hai saa zote. Waya mwembamba wa swichi unaenda kwenye temino ndogo ya solenoidi mpya, vizuri zaidi kupitia rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Wapo wanaoiacha solenoidi ya zamani ukutani na kuunganisha bolti kubwa na temino ndogo kwa kipande cha waya pale pale kwenye stata. Inawaka, lakini ukiachia ufunguo mota bado inazunguka na kuzalisha umeme wake yenyewe, ambao unaendelea kushikilia solenoidi. Pinyoni inachelewa kutoka huku injini imeshawaka. Usikubali kazi hiyo.

Wakati wa kurudisha, safisha uso wa stata na uso wa gia boksi mpaka chuma kitupu, kwa kuwa hapo ndipo erthi ya mota inapopita. Kati ya injini na gia boksi ya Ford kuna bati jembamba. Waunganishaji wengine huliacha nje, stata ikakaa kwa kina kisicho chake. Hakikisha lipo. Pinyoni ikiwa imepumzika isiguse flaiwili, iache nafasi ya milimita 2 au 3. Ukiigeuza injini kwa mkono usisikie mkwaruzo wowote.

Yamebaki mambo mawili ya huko kwenu. Juni na Julai za Njombe betri inapungua nguvu na oili inakuwa nzito wakati huohuo. Kama uliweka oili nzito kwa sababu injini ni ya zamani, jaribu 20W-50 halisi badala ya ile yenye namba moja tu, kama 40. Na kukataa kuwaka ikiwa moto kuna chanzo cha kimaumbile: shaba ikitoka nyuzi 20 kwenda 100, ukinzani wake unaongezeka karibu asilimia 30. Muungano uliokuwa unavumilika asubuhi, kwenye joto unashindwa. Kama bomba la ekzosi linapita jirani na stata au waya wake, weka bati la kukinga joto lisilogusa kimojawapo. Mwambie fundi akague na taiming pia, yaani wakati cheche inapopigwa. Cheche ikipigwa mapema mno, injini ya moto inarudisha teke, stata inasimama ghafla, na kwa teke kama hilo pua ya stata huweza kuvunjika.

Akimaliza, arudie vile vipimo viwili vya kushuka kwa volti, chanya na erthi, injini ikiwa baridi na tena baada ya safari ya Makambako. Nitumie namba zote nne, pamoja na idadi ya meno, nikushauri kama kuna cha kuagiza.